Les Paul yangu imefunikwa blanketi: niweke pikapu gani kwenye briji?

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Nina gita, Epiphone Les Paul, niliinunua kwa jamaa mwaka jana, napiga solo kwenye kwaya ya kanisa hapa Mwanza. Sauti yake ni nzito, tamu sana ukipiga taratibu, ila tukiingia sebene napotea kabisa, kinanda na rithim wananifunika. Pikapu ya shingo naipenda, sitaki kuigusa. Ya briji ndo haikati. Nimepima na mita, ya shingo inasoma 7.8k, ya briji 16.1k. Waya natumia wa mita 10, naingia moja kwa moja kwenye miksa. Rafiki yangu anasema ninunue pikapu ya seramiki ya kupigia muziki wa metal maana ndo kali, mwingine anasema niuze gita ninunue Strat ya Fender. Hela yangu sio nyingi. Nichague ipi?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Kwanza asante kwa kuleta namba. Wengi wananiandikia "fundi gita langu halina moto" basi, niote mwenyewe. (Kuna mmoja niliwahi kumuuliza pikapu yake ni ya aina gani akanitumia picha ya Hilux ina magunia ya mkaa. Sasa hapa tunaongelea pikapu ya gita, ile inayokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza: ya shingo iko upande wa shingo, ya briji iko kule nyuzi zinapoishia.) We umepima, umesema waya mita ngapi, umesema unaingia wapi, na hizo namba zimeshanijibu zaidi ya nusu.

Tuanze na hiyo 16.1k, yaani ohm elfu 16 na mia moja. Ningeweka dau kwamba hiyo pikapu haikuja na gita kutoka kiwandani. Ya shingo, 7.8k, ni saizi ya kawaida ya hambaka (pikapu za koili mbili) za mtindo wa zamani, zile alizobuni Seth Lover pale Gibson miaka ya 1950 na zikaanza kufungwa kwenye magita 1957, watu wanaziita PAF. Zile zilikuwa zinacheza 7k mpaka 9k hivi. Yako ya briji ni mara mbili yake, hiyo ni familia ya kina JB ya kampuni ya Seymour Duncan, pikapu za watu wanaotaka ampu ipasuke, mambo ya roki. Nadhani aliyekuuzia alikuwa mtu wa roki, akafunga kitu cha nguvu, halafu akauza gita na pikapu ikiwa humohumo.

Na hapa ndo Kiswahili chetu kinatuponza. Tunasema pikapu "kali", sasa kali ipi? Kuna kali ya pilipili na kali ya wembe. Kali ya pilipili ni nguvu, inasukuma ampu mpaka inalia. Kali ya wembe ni ile inayokata, ile nyembamba yenye makali ya juu, na ndo unayoihitaji kwenye sebene. Hivi vitu viwili kwenye pikapu mara nyingi vinakwenda kinyume, ukiongeza kimoja unapunguza kingine, na rafiki yako anayekuambia ununue ya metal anakuuzia pilipili wakati we unataka wembe.

Mi mwenyewe nilishaingia mkenge huo. Zamani nimeanza tu kupata hela za harusi nikaenda dukani, muuzaji akanionyesha pikapu mbili akasema hii ina 8 hii ina 17, ya 17 ndo kali kuliko zote, mi nikatoa hela bila kuuliza swali la pili, nikaifunga usiku kwa tochi, kesho yake ukumbini kiongozi wetu wa bendi ananiuliza katikati ya wimbo "we umelifunika gita na shuka?" Nikapandisha treble kwenye ampu mpaka mwisho, ikaja kelele ya shhhh, gita lenyewe likabaki lilelile. Ndo siku niliyoelewa kwamba treble ambayo pikapu haijaitoa huwezi kuidai kwenye ampu.

Sababu yake sio uchawi. Pikapu ni sumaku imezungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Ukiongeza mizunguko unapata umeme mwingi zaidi, ndo ile nguvu, lakini induktansi nayo inapanda, na induktansi ni kama mlinzi wa getini anayewaruhusu wanene wapite na kuwazuia wembamba: besi na mid zinapita, treble inabaki nje. Halafu pikapu haifanyi kazi peke yake, inashirikiana na waya wa jeki. Waya nao una kapasitansi yake, waya wa kawaida ni kama pikofaradi 100 kwa kila mita, na hivyo viwili pamoja ndo vinaamua kilele cha sauti yako kitakaa wapi. Kilele ni ile sehemu sauti inanyanyuka kidogo kabla ya kuporomoka, kila kitu kilicho juu yake kinakufa haraka. Kwenye gita, makali yanayosikika kwenye bendi yanakaa kama Hz 2000 mpaka 5000, kwahiyo kilele kikishuka chini ya hapo umeshafunikwa blanketi.

Nimekupigia hesabu ya haraka kwa kukadiria. Pikapu kama yako ya briji ina induktansi ya henri 8 hivi, ukiichomeka kwenye waya wa mita 10 kilele kinakaa karibu na Hz 1700. Pikapu ya aina ya PAF, henri 4 na nusu hivi, kwa waya uleule wa mita 10, kilele kinapanda mpaka 2250 hivi. Sawa, umepata kitu. Lakini angalia hii: uache pikapu yako hiyohiyo mbaya, ubadilishe waya tu uweke wa mita 3, kilele kinaenda 2800! Yaani waya mfupi peke yake umeishinda pikapu mpya. Na ukiweka vyote viwili, pikapu ya PAF na waya wa mita 3, unafika 3750, hapo sasa hata aliyekaa benchi la nyuma atakusikia.

Lakini hesabu zote hizo ni za mtu anayeingia kwenye ampu ya gita. We unaingia kwenye miksa moja kwa moja, na hapa mdogo wangu ndo penye shida yako kubwa kuliko pikapu, kuliko waya, kuliko mbao.

Ampu ya gita mlango wake una impidansi kubwa, kawaida ohm milioni 1. Maana yake ampu inaisikiliza tu pikapu bila kuinyonya. Mlango wa laini wa miksa mara nyingi ni ohm elfu 10 mpaka elfu 20, ule wa maiki ndo elfu 2 au 3 tu. Pikapu yako yenyewe ina elfu 16! Ni kama bomba dogo la maji unalifungulia kwenye pipa lililotoboka, nguvu yote inaishia hapo. Kwa pikapu yako kwenye mlango wa elfu 10 sauti inaanza kushuka kuanzia Hz 500 na kitu, yaani hata noti za katikati ya shingo zimeshaguswa, achilia mbali makali. Na ungenunua leo pikapu bora kuliko zote za aina ya PAF ukaichomeka palepale, ungesogea mpaka kama Hz 640, basi. Ungekuja kunilaumu mimi, ungesema fundi kanilia hela.

Kwahiyo kabla ya kununua chochote, Jumamosi kwenye mazoezi fanya jaribio hili. Azima DI boksi (kiboksi kinachokaa kati ya gita na miksa) ya umeme, ile inayotumia betri au inayopokea umeme wa fantomu kutoka kwenye miksa, sio ile ya transfoma tupu (sio mbaya ile, ila kwa pikapu yako bado itakunyonya kidogo). Kama DI hakuna, azima pedali yoyote ya Boss, hata iwe koras hata iwe dilei hata iwe tyuna, na hata ukiizima kwa mguu ni sawa, maana karibu pedali zote za Boss zina bafa ndani inayofanya kazi hata pedali ikiwa imezimwa. Bafa ndo kitu unachokitafuta, mlango wake ni mkubwa na upande wa pili inatoa sauti yenye nguvu ya kusukuma waya mrefu bila kupoteza. Weka pedali karibu na miguu yako, gita mpaka pedali waya wa mita 3, pedali mpaka miksa ule wako wa mita 10. Baadhi ya miksa zina kitufe kimeandikwa Hi-Z kwenye chaneli moja au mbili, kama ya kanisani kwenu inacho basi bonyeza hicho uchomeke hapo, umemaliza bure kabisa, ingawa waya wako mrefu bado utakula treble kidogo.

Najua uliuliza pikapu na mi nakuletea habari za miksa. Lakini nimeona vijana wengi wa kwaya wanamaliza hela kwenye pikapu wakati tatizo liko kwenye tundu la jeki. Kwenye bendi za dansi zamani hili halikuwepo sana, kila mpiga solo alikuwa na ampu yake nyuma ya mgongo, kina Mbaraka Mwinshehe wale hawakuchomeka gita kwenye miksa ya kwaya. Siku hizi kila kitu kinakwenda kwenye miksa moja, na fundi mitambo hana habari na ohm zako.

Haya. Tuseme umejaribu, sauti imefunguka, nina uhakika itafunguka, lakini pikapu ya briji bado inakaa nyuma ukilinganisha na unachokisikia kwenye rekodi za Wakongo. Inawezekana kabisa, maana 16k itabaki 16k. Hapo sasa tununue.

Kwa gita lako na kazi yako mi ningetafuta hambaka ya 7.5k mpaka 8.5k, sumaku ya alniko 5, yenye nyaya nne. Hilo ndo jibu langu, mengine yote ni kueleza kwanini.

Kwanini 8k nimeshasema, mizunguko michache, induktansi ndogo, kilele juu. Ila usisome ohm kama unavyosoma kilo za mchele. Ohm zinapima urefu na unene wa waya, na waya mwembamba zaidi unakupa ohm nyingi hata kwa mizunguko ileile. Hiyo 16k yako kwa mfano, mara nyingi pikapu za namna hiyo zinatumia waya mwembamba kuliko wa PAF, kwahiyo sio kwamba ina mizunguko mara mbili kamili. Kulinganisha ohm kuna maana pale tu waya ni wa saizi moja. Muuzaji akikuwekea induktansi kwenye maelezo soma hiyo, ni ya ukweli zaidi.

Sumaku. Alniko ni chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti, na namba zake sio ubora, ni mapishi tofauti. Alniko 2 ni laini, noti inaanza polepole, ina utamu wa mviringo, na gita lako tayari lina utamu wa mviringo mpaka limezidi, usiongeze asali kwenye chai yenye sukari. Alniko 5 ina nguvu zaidi, besi yake inakaza haivimbi, na mwanzo wa noti unasikika tak! kabla ya sauti yenyewe. Kwenye sebene ule mwanzo wa noti ndo kila kitu, maana unapiga noti nyingi fupifupi zinazorudiwa, kama hazina mwanzo zinageuka uji. Sikiliza Dr. Nico au Diblo Dibala, huyu Diblo walimbatiza jina la Machine Gun, na bunduki ya namna hiyo haiwezi kuwa na risasi za pamba.

Ila kuna pikapu moja ya Seymour Duncan inaitwa Pearly Gates, ina alniko 2 na bado inang'aa kuliko nyingi za alniko 5. Kwahiyo sumaku ni sehemu moja tu ya mapishi, naitaja hapa ili usije ukakariri.

Seramiki sasa, ushauri wa rafiki yako. Hajakosea moja kwa moja, sumaku ya seramiki ina nguvu sana na kwenye koili ileile inaweza kutoa treble yenye makali kuliko alniko. Shida ni kwamba watengenezaji wengi wanaiweka kwenye pikapu zenye mizunguko mingi, ile Super Distortion ya DiMarzio iliyotoka miaka ya 1970 ndo mama yao, 13k na ushee, imetengenezwa kuitesa ampu. Unapata makali ya seramiki juu ya koili nene, matokeo yake ni sauti ngumu, imebanwa, nzuri kwa mtu mwenye distoshen. We unapiga safi bila distoshen. Utasikia ngumu lakini hukati.

Majina? Mi kwa hii kazi naanza na Seymour Duncan Jazz, model SH-2 ya briji. Watu wengi wanaijua ya shingo, ya briji wanaidharau wanasema nyembamba, haina nguvu. Kwa mpiga roki sawa haina nguvu. Kwa Les Paul nzito inayotakiwa kukata kwenye kwaya ya watu arobaini ni dawa, iko wazi, inang'aa, kila uzi unasikika peke yake hata ukipiga kodi. Ya pili ni '59 ya kampuni hiyohiyo, SH-1, inasoma 8k na kidogo, alniko 5, hii ina besi kidogo zaidi na mid imerudi nyuma kidogo, ukitaka kitu kati ya solo na rithim, ile kazi Wakongo wanaiita misolo, '59 itakufaa. Zote mbili mpya ni kama dola mia moja hivi kabla ya usafiri na ushuru. Kama hiyo ni nyingi, Tonerider na Wilkinson wana hambaka za alniko 5 za saizi hii kwa bei ya chini sana na hazijawahi kuniangusha. Soma vizuri tu usije ukachukua ile ya moto, namba ikiwa 13 au 15 achana nayo hata kama picha inapendeza. Na ukinunua mtumba au kwenye duka usilolijua nenda na mita yako mfukoni, feki ziko nyingi, boksi linasema '59 ndani unakuta 14k.

Kuna watu watakuambia Filter'Tron. Hizi alizibuni Ray Butts, Gretsch wakaanza kuzitumia miaka ileile ya PAF, zina ohm chache sana, 4k mpaka 5k, na TV Jones wanazitengeneza kwenye saizi inayoingia kwenye tundu la hambaka. Zinalia kama kengele. Ningekushauri kama ungekuwa na ampu, ila we unakwenda kwenye miksa. Spika ya gita kwa asili inakata kila kitu juu ya Hz 5000 hivi, inalainisha. Miksa na spika za kanisani zina twita, haziikati, zinakuletea kila kitu mpaka sauti ya kucha kwenye uzi. Pikapu inayong'aa sana bila spika ya gita inageuka bati la mabanda. Ndo maana nakusimamisha kwenye 8k, sikupeleki mpaka mwisho.

Pia P-90 iliyotengenezwa kwa umbo la hambaka, kama Phat Cat, au singo koili (pikapu ya koili moja) yoyote: sauti nzuri, inakata vizuri sana, lakini inavuma. Kwenye umeme wetu huu, ethi hakuna, jenereta nje, taa za rangi zinacheza, mchungaji anaomba kimya kimya na gita lako linafanya mmmmm, utaombwa ulichomoe.

Kuuza gita ununue Strat, hapana. Sio kwamba Strat mbaya, Strat inang'aa kweli, skeli yake ni milimita 648 wakati Les Paul ni 628, nyuzi zimekazwa zaidi, pikapu zina induktansi ndogo. (Habari za mahogani na mbao sizigusi leo, kila nikizigusa napata ugomvi wa wiki mbili.) Ila umesema unaipenda ya shingo, na utamu huo wa shingo Strat hutaupata, na ungeichomeka kwenye miksa ileile kwa waya uleule nayo ingeanza kufifia. We una gita zuri lenye pikapu moja isiyo ya kwake.

Kwanini nyaya nne? Hambaka ni koili mbili. Ikiwa na nyaya nne unaweza kuziunga kwa mfuatano, ndo kawaida, au sambamba. Ukiziunga sambamba induktansi inashuka mpaka kama robo, sauti inang'aa inakuwa karibu na singo koili lakini haivumi, koili mbili bado zinafutiana kelele. Nguvu inashuka kweli, ila we una miksa, pandisha fada. Weka swichi ndogo, au poti (kile kidude chini ya kitasa cha voliumu au toni) ya kuvuta, unapata pikapu mbili ndani ya moja. Na sasa sikiliza hii bure kabisa: fungua hiyo 16k yako uangalie, kama ina nyaya nne usinunue chochote kwanza, iunge sambamba. Henri 8 zikawa 2 hivi. Nimeshawahi kumfanyia kijana mmoja wa Morogoro hivyo, na mpaka leo hajanunua pikapu.

Ukiwa umefungua mgongo wa gita angalia na poti. Hambaka inataka poti za 500k kwenye voliumu na toni. Kuna magita ya Les Paul, hata ya Gibson wenyewe, yametoka na 300k, na fundi wa mtaani akibadilisha poti anaweka yoyote anayoipata kwenye redio mbovu. Poti ndogo inanyonya treble, hadithi ileile ya miksa ila kidogo. Ipime gita likiwa limechomolewa na waya wa pikapu ukiwa umetolewa kwenye poti, ikisoma 400 mpaka 600 iache, hiyo ndo tofauti ya kawaida ya kiwandani, ikisoma 250 toa. Na kama ukipunguza voliumu wakati kwaya inaimba gita linazama zaidi, weka kapasita ya pikofaradi 680 mpaka 1000 pamoja na rezista ya 150k sambamba, kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea kwenye poti ya voliumu, inapitisha treble pembeni. Kitu cha bei ya soda.

Mfuniko wa chuma juu ya pikapu, kama upo na ni wa shaba ya bei rahisi, nao unalainisha juu. Ule wa nikeli siliva hauna shida. Pikapu nyingi za bei nafuu zina ule wa shaba, kwahiyo ukinunua ya bei nafuu chukua isiyo na mfuniko. Hapa sitaki kuongea sana.

Urefu ndo unaosahaulika. Bonyeza nyuzi freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi mpaka kwenye skrubu ya pikapu. Briji anza milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 2.5 mpaka 3 upande wa nene. Watu wanazipandisha mpaka zinakaribia kugusa nyuzi wakidhani ndo wanapata makali, wanachopata ni nguvu na mid nyingi, noti zinabanwa. Chukua bisbisi, shusha upande wa besi, uache wa juu, sikiliza. Na ya shingo ishushe kidogo hata kama unaipenda, ili ukihama kutoka shingo kwenda briji usisikie kama umeanguka shimoni.

Nyuzi umebadilisha lini? Nauliza tu, maana najua wapiga gita wa kwaya.

Kuhusu kuingia kwenye tundu, Les Paul nyingi nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale kwenye briji ni kama milimita 50, chukua hambaka ya kawaida. Zile zenye nafasi pana, Duncan wanaziita Trembucker na DiMarzio F-spaced, ni za magita ya mtindo wa Fender na yenye briji ya Floyd Rose. Ukiikosea haiharibu sauti sana ila inaudhi kuitazama.

Mwisho rangi za nyaya, kila kampuni ina zake na fundi wa redio hazijui. Seymour Duncan: nyeusi ndo inakwenda kwenye voliumu, kijani na ule usio na ganda zinakwenda ethi, nyekundu na nyeupe ziunge pamoja uzifunike na selotepu. DiMarzio: nyekundu kwenye voliumu, kijani ethi, nyeusi na nyeupe pamoja. Ukimaliza kusolda weka swichi katikati, pikapu zote mbili. Ikisikika nyembamba ya puani, kama redio ya simu, basi ya briji na ya shingo zinapingana fezi, moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Usiiguse ya shingo, mara nyingi ina waya mmoja tu wa kusukwa ambao ganda lake ndo ethi na huwezi kuugeuza. Geuza ya briji: kwa Duncan kijani iende voliumu, nyeusi iende ethi, ule usio na ganda ubaki ethi hapohapo, rudia kusikiliza.

Ila Jumamosi kwanza azima hiyo pedali. Halafu uniandikie kama bado unaitaka pikapu, na hiyo 16k ukiitoa usiitupe, kuna kijana hapa anapiga roki ataitaka.